Jamu ya Mwisho ya Mama

Kila asubuhi kabla ya shule, kazi ya Taisia ilikuwa kufagia jikoni. Lakini Jumatatu ile Bibi Agrafena alimpokonya ufagio.

"Wee! Mama yako ndiyo kwanza ametoka, nawe unafagia? Mpaka apige simu kusema amefika, ufagio usiguswe. Au unataka kumfagia asirudi tena?"

Mama alikuwa mpishi kwenye kambi ya visima vya gesi, kaskazini ya mbali: miezi miwili kazini, mmoja nyumbani. Alfajiri waliketi wote watatu kimya, kama ilivyo desturi kabla ya safari, kisha akaenda zake. Nyumba ikapwaya. Taisia aliunusa mto wa mama yake, akaunusa tena.

Jioni, Bibi alipokwenda kukamua mbuzi, Taisia alishindwa kujizuia. Akapanda kiti, akateremsha chupa ya mwisho ya jamu aliyoipika mama, iliyowekwa kwa ajili ya Mwaka Mpya. Alitaka kijiko kimoja tu, aonje kitu kilichotoka mikononi mwa mama. Chupa ikamponyoka, pwaa! Kwa hofu akafagia, akadeki, akavizika vipande kwenye theluji nyuma ya banda.

Safari ya mama kwa treni ilikuwa ya siku mbili. Jumatano ikapita, simu kimya. Alhamisi Bibi alisimama dirishani muda mrefu. Taisia naye aliacha chakula sahanini. Alikuwa na hakika kwamba yeye ndiye aliyemfagia mama yake.

Bibi alipompakulia supu ya kabichi, Taisia machozi yakamtoka.

"Bibi, nilivunja chupa ya jamu. Nikafagia siku ile ile, nikaficha. Mama amepotea kwa sababu yangu!"

Bibi akauweka upawa chini. "Masikini mjukuu wangu! Siku zote hizi umebeba hayo peke yako? Na mimi mtu mzima nimekuwa naogopa kwenda kuuliza, nisije nikaita balaa. Haya, vaa koti!"

Stesheni waliambiwa kwamba treni ilizuiwa na theluji mahali pasipo na mtandao, lakini sasa imeanza kwenda tena. Abiria wote walikuwa salama. Hawajafika hata nusu ya njia ya kurudi, simu ikalia.

"Taisia wangu, umekula?"

"Mama, jamu yako nimeivunja mimi," Taisia alisema hata kabla ya kumsalimu.

Mama alicheka. "Nitapika nyingine, mwanangu. Nitapika ndoo nzima."

Simu ilipokatika, Bibi alimfunga vizuri skafu shingoni.

"Ufagio haumpotezi mtu. Tunauweka kando kwa kuwa tunampenda aliye njiani, basi. Lakini kosa ukilificha, hata hofu yako hakuna wa kukupunguzia. Tungesemezana mapema, tusingelia kila mtu na kona yake. Miezi miwili ni mingi, Taisia. Ukimkumbuka mama, niambie, tumkumbuke wawili."