Kofia ya Remedios

Sigara ilikuwa ikiungua upande mmoja.

Kila Jumatatu asubuhi bwana Zenón, mwenye wakala wa ajira pale mtaa wa La Ceja, juu kabisa katika mji wa El Alto, huwasha sigara na kuipachika kwenye meno ya Remedios kabla hajabandika dirishani hata karatasi moja ya kazi. Remedios ni fuvu. Hukaa kwenye sanduku la kioo juu ya kabati la mafaili, kazungukwa na maua na majani ya koka, kichwani kofia ya sufi iliyotariziwa jina lake, kama mafuvu yote ya watu wanaojiheshimu. Na asicheke mtu. Kule bondeni La Paz watu wana vyeti. Huku juu wana mafuvu, na aulizwe yeyote ni akina nani wanaopata kazi mapema.

"Upande mmoja," Zenón alinong'ona. "Humu ndani kuna mtu ana wivu."

Benchi zima likatazamana. Eulogia Condori akatazama viatu vyake, maana mtu mwenyewe alikuwa yeye.

Eulogia alikuwa mpishi, tena si wa kubahatisha. Supu yake ya karanga ingeweza kumrudisha mume aliyetoroka aje kuomba bakuli la pili, ingawa wa kwake hakurudi. Miezi mitatu alikuwa amelikalia benchi lile hadi mbao zikamzoea. Mama mkwe alishatuma neno kutoka Oruro: mwezi ukiisha huna kazi, nakuja kumchukua Wilma. Na Wilma, binti wa miaka tisa, ndiye pekee aliyekuwa naye. Sasa Ijumaa akaja shoga yake Basilia, akakaa robo saa tu, na mama Hortensia mwenye mgahawa akamnyooshea kidole: wewe, Jumatatu uanze. Basilia! Mtu ambaye wali wake huungua chini na juu ukabaki mbichi.

Zenón alipotoka, na watu wa benchi wakamfuata kuzisoma karatasi za dirishani, Eulogia akabaki peke yake na fuvu. Akatoa mfukoni kofia aliyoifuma palepale benchini kwa majuma, nyekundu na njano, REMEDIOS kwa herufi kubwa. Akalivua fuvu kofia kuukuu, akalivika mpya.

"Mama Remedios," akasema, "nipe nafasi ya Basilia. Ukinipa, sina mwingine duniani ila wewe."

Ulimi hauna mfupa. El Alto nzima inajua fuvu huombwa hivi: "wewe na wenzako." Hata mwenye fuvu lake hathubutu kuliambia "wewe tu", kwa kuwa upweke wa wafu ni mrefu, na maneno matamu hawayachukulii kama mapambo. Lakini wivu humsahaulisha mtu hata njia ya kwao.

Sigara ikazimika.

Jumatano sufuria la supu likammwagikia Basilia mkono. Alhamisi Eulogia alikuwa jikoni kwa Hortensia, kashika mwiko uleule. Alifurahi, tena alifurahi sana, halafu akaona haya kidogo.

Juma la pili ikaanza harufu. Jikoni hakuna aliyevuta sigara, lakini kila Wilma alipotoka shule akaja kukaa karibu na magunia ya viazi, tumbaku kali ilipenya mvuke wa supu, na nyuma yake harufu ya maua yaliyoozea majini. Kisha sauti, kama meno yanayosagana polepole, ambayo Eulogia alijiambia ni mfuniko wa sufuria. Mchana mmoja akampapasa mwanawe kichwani, na nywele zikamfuata mkononi, shungi zima, bila maumivu, bila damu, akazificha kwenye aproni, na kesho yake akajaribu kutomgusa, lakini mtoto akaja mwenyewe kumlalia mapajani kama watoto wanavyofanya, na mahali popote kiganja cha mama kilipopita pakabaki ngozi tupu, laini, nyeupe kama mfupa, huku kule nyuma ya magunia meno yakisagana upesi zaidi, kama ya mtu anayemeza maneno yake kwa hasira.

Basilia alikuja na mkono uliofungwa bendeji. Akamwona Wilma, akafunga mlango.

"Shoga, ulimwambia nini Remedios?"

Eulogia akamweleza yote.

"Kwa hiyo uliomba mkono wangu."

"Niliomba nafasi yako."

"Na nafasi yangu ilikuwa wapi, mpumbavu wewe, kama si mkononi?" Akajifuta macho kwa bendeji. "Vaa shali. Twende kwa mganga Severo, kabla mtoto hajabaki fuvu naye."

Severo alimwaga majani ya koka juu ya kitambaa, akayatazama hadi yakawachosha wanawake. Akasema Remedios haibi, anadai ahadi. Mtoto aende mbali na macho yake. Eulogia aache jiko, alihudumie fuvu yeye mwenyewe hadi sikukuu ya mafuvu, Novemba, ndipo afunguliwe ahadi hiyo.

Hivyo Eulogia akampeleka Wilma Oruro kwa mikono yake mwenyewe, kwa mama mkwe yuleyule. Basilia akarudi jikoni kwa Hortensia, akipika kwa mkono mmoja. Zenón akampa Eulogia kazi ya kufagia ofisi na kubadilisha maua: kazi ya kudumu, alimtania, hakuna mteja aliyewahi kupata nzuri kuliko hiyo.

Novemba wakampeleka Remedios kanisani na tarumbeta, kavikwa taji la maua. Severo akaomba. Sigara ikaungua sawasawa, majivu meupe, na watu wakapumua. Kule Oruro nywele za mtoto zilikuwa zimeota. Wilma angerudi Jumapili, na kwa kuwa njiani kuna baridi, Eulogia akafuma kofia nyingine, ya bluu, akatarizi WILMA, akamkabidhi dereva wa basi.

Ijumaa, saa sita mchana, benchi limejaa watu, simu ikalia.

"Mama, kofia imefika. Imenikaa sawasawa."

"Nilijua bluu itakupendeza."

"Si ya bluu. Ni nyekundu na njano. Imeandikwa Remedios."

Eulogia akageuka taratibu, kama mtu anayeitwa na mwenye nyumba. Juu ya kabati, ndani ya kioo, fuvu lilikuwa limevaa bluu. WILMA, herufi zilezile alizozishona. Kwenye meno, sigara ambayo hakuna aliyeiwasha ilikuwa ikiungua upande mmoja.

"Mama," mtoto akasema kwa sauti ya chini, "mbona haivuliki?"