Rubani Peku

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kijiti alipiga pasi shati jeupe la baba yake. Alianza na kola, akaja mikono, mwisho mgongo, kama mama alivyomfundisha. Baba alikuwa rubani wa bandarini. Meli za mafuta zilipokaribia, yeye ndiye aliyepanda kuziongoza kwenye mlango mwembamba kati ya miamba. Asubuhi hiyo alikuwa chumbani ananyoa ndevu. Kijiti alikuwa amefika mkono wa pili wa shati wakati dirisha lilipopasuka.

Jiwe lilitua mezani. Vipande vya kioo vikamwagika juu ya shati.

"Toka nje, Peku!" sauti zilinguruma barabarani. "Toka uone ulichotufanyia!"

Mji mzima ulimwita baba yake Peku, kwa sababu alivua viatu kila aliposimama karibu na usukani wa meli. Watu walisema nyayo zake husikia mwamba chini ya maji. Kijiti alilipenda jina hilo kuliko hata baba mwenyewe alivyolipenda. Lakini jana meli aliyoiongoza ilikwaruza mwamba, tumbo lake likapasuka. Mafuta meusi yakaenea hadi ufukweni. Nyavu ziligandamana kama lami, samaki wakaelea ubavu.

Mchana huo kungekuwa na mkutano katika ukumbi wa shule. Kamati ya mji ingeamua kama meli za mafuta zikatazwe kupita, pamoja na mtambo wa kuchimba mafuta baharini ambao kampuni ya mafuta ilitaka kuuleta. Mwenyekiti alikuwa ametangaza kwamba hataandika uamuzi kabla ya kumsikia rubani. Na tangu jana, rubani alikuwa amesema jambo moja tu: "Ni mkondo wa maji."

Mlango ulipigwa teke hadi komeo likang'oka. Baba alitoka akiwa na povu la sabuni kwenye shavu moja. Hakupewa nafasi ya kusalimia. Ngumi ya kwanza ilimpata mdomoni, ya pili jichoni. Mwanamume mmoja alimchapa kasia mgongoni, baba akaanguka kwenye changarawe, nao wakamkanyaga.

"Mwacheni! Mtamuua!" mama alipiga kelele huku akiwamwagia maji ya ndoo.

Kijiti hakupiga kelele. Aliichomoa pasi kwenye umeme akakimbia nayo nje. Aliona mtu ameinama, amemshika baba mabega, anamvuta. Akaishusha pasi kwa nguvu zake zote juu ya mkono ule.

Kitu kilivunjika. Ngozi iliyoungua ikanuka.

"Kijiti! Ni mimi!"

Alikuwa Fundi Nyavu, jirani yao, aliyewashonea wavuvi wote nyavu zao. Alikuwa akimvuta baba atoke chini ya miguu ya wale watu. Sasa alipiga magoti, vidole vyake vimepinda vibaya.

Mwenye kasia alilitupa. Wengine wakarudi nyuma.

"Baba yangu hakosei!" Kijiti alilia, pasi ingali mkononi. "Miguu yake inasikia mwamba!"



Jikoni, mama alivifunga vidole vya Fundi Nyavu kwa kitambaa kilicholowa maji baridi, kabla ya kumpeleka hospitali.

"Taratibu, shemeji," alisema fundi akikunja uso. "Ukikaza hivyo nitashonea pua."

"Nisamehe, mjomba," Kijiti alinong'ona.

Fundi alimtazama, kisha akamgeukia baba, aliyekaa sakafuni jicho limeanza kufumbika kwa uvimbe. "Nilikuja kukuuliza jambo moja, ndugu yangu. Ule mwamba, hukuusikia?"

 Baba alimgeukia binti yake badala ya fundi.

"Mwanangu, miguu yangu haisikii kitu. Navua viatu kwa sababu huwezi kuogelea navyo. Kila nikifika pale kwenye miamba, najiandaa kuruka."

Mama aliachia kitambaa. "Siku zote hizi?"

"Walipoanza kunisifu, niliona aibu kuwakatalia."

"Na mtoto amenivunja vidole kwa ajili ya sifa hizo," alisema fundi polepole.

Mchana ukumbini, mwakilishi wa kampuni alisimama na tai yake. "Mkondo ulikuwa mkali, jamani. Ajali haina kinga. Bahati nzuri tunaye rubani asiyekosea, na mtambo ukija..."

Chupa ikapasuka ukutani karibu na kichwa chake. Viti viliinuliwa. Vijana wawili walikabana koo mbele ya jukwaa.

"Ketini!" mwenyekiti, mama mmoja mnene, aligonga meza kwa kiganja. "Rubani, simama."

Baba alisimama. Shati lake lilikuwa na damu, na mkono wake mmoja haukuwa umepigwa pasi.

"Mkondo..." alianza. Mwakilishi akamwitikia kwa kichwa kumpa moyo. Baba alimtazama Kijiti, aliyekaa kando ya Fundi Nyavu, akiogopa kuuangalia mkono wa fundi wenye plasta ya hospitali.

"Hapana," baba alisema. "Mkondo ulikuwa wa kawaida. Meli hizi ni kubwa kuliko ule mlango, basi. Aliyepita salama amebahatika, na mimi nilibahatika mara nyingi. Na huo mtambo ukija, si meli zitaongezeka?"

"Mzee, chunga maneno yako," mwakilishi alisema. "Utaipoteza kazi yako."

"Nimeyachunga mno. Leo mwanangu amempiga mtu aliyekuja kuniokoa, maana alinitetea kwa jambo lisilo la kweli, nami nilijua." Akamgeukia binti yake. "Kijiti, mtu akikusifu kwa usichonacho, mkatalie siku hiyohiyo. Ukichelewa, wataumia wengine."

Waliokuwa wameinua viti waliviteremsha. Mwenyekiti alichukua kalamu. "Kwa hiyo, rubani, niandike nini?"

"Andika zikatazwe. Meli za mafuta, na kuchimba pia. Zote." Alijifuta damu kwenye mdomo uliovimba. "Naogopa, mama mwenyekiti. Kila nikiwa mle mlangoni kati ya miamba, naogopa."