Kipimajoto Kilichoitwa Keza

Kipimajoto cha chumba baridi kiliitika kabla ya kuitwa. Ariane alitazama skrini, akafuta miwani kwa ncha ya koti lake jeupe, akatazama tena. Jibu lilikuwa limetangulia, swali linafuata nyuma kama mkia.

Kazi yake katika kile kiwanda cha dawa cha Masoro ilikuwa ni kuita. Hakupiga kelele, kompyuta ndiyo iliyomwitia. Iliita mashine ya kuchemsha maji, ikaita ya kujaza chupa, ikaita majokofu na vipimajoto, na kila kilichoitika kiliwashiwa nukta ya kijani. Kisichoitika kiliwashiwa nyekundu, na hapo watu walikimbia, maana mtandao ukikatika kwa muda wa kusonga ugali tu, mashine husimama katikati ya kazi na dawa yote humwagwa. Dawa si maharage, kwamba utaipasha moto uendelee.

"Shefu, hebu njoo uone."

Nizeyimana, mkuu wa zamu, aliinama akachungulia. Alikuwa mtu aliyekulia Bujumbura, mwenye utani hata pasipotakiwa utani.

"Saa ya kompyuta imelewa," alisema. "Wewe ulishaona wapi mtoto anaitika kabla hajaitwa? Wa kwangu hata ukimwita kwa fimbo haitiki."

Akacheka. Kisha akakumbuka kipimajoto kile kinaitwaje, akakohoa, akaenda zake.

Kiliitwa Keza.

Ariane ndiye aliyezipa mashine majina, kwa kuwa namba ziliwachanganya watu. Nyingi alizipa majina ya milima: Rebero, Jali, Shyorongi. Keza hakuwa mlima. Alikuwa binti yake, mtoto wa miaka minne, aliyefariki kwa nimonia wakati wa mvua nyingi, sindano zake zikiwa zimechelewa kufika. Siku ya kuondoa matanga, majirani wa Busanza walikuwa wameshaleta pombe ya mtama na beseni la maji, ili wafiwa wanawe mikono, wamwage machozi ya mwisho, wasimame. Simu ikalia. Mtandao wa kiwanda umekatika. Ariane aliondoka na mikono yake mikavu, matanga yakaondolewa yeye hayupo. Kazini walimpigia makofi kwa kujitolea. Watu husifu upumbavu wowote, mradi umevaa sare.

Aliporudi kazini kwa kawaida, alikuta jina limezikwa pamoja na mtoto. Zamani wote walimwita Mama Keza. Sasa akawa Madamu Ariane, kwa sauti ya chini, kama mgonjwa. Kwa hiyo kipimajoto kipya kilipofika, alikipa jina lile. Watalitaja, alijiambia, wapende wasipende. Tena aliingiza sauti yake mwenyewe kwenye spika ya kutangaza hali za mashine, kwa Kiswahili, kwa sababu mafundi wengine walitoka Bukavu, wengine Bujumbura, wengine Kampala. Kutwa nzima spika ilisema: "Rebero iko sawa. Jali iko sawa. Keza iko sawa."

Mama gani asingependa kusikia hivyo?

Lakini kumwita marehemu mara moja ni huzuni. Kumwita kutwa kucha bila kupumzika ni kupiga hodi, na anayefungua si lazima awe mwenye nyumba.

Baada ya asubuhi ile kipimajoto kilipotangulia kuitika, ikaja harufu. Kiwandani hapaingii manukato, hata sabuni yenye marashi ni kosa, ila chumba chake cha kompyuta, kisicho na dirisha, kilianza kunuka mafuta ya mikaratusi, yaleyale aliyokuwa akimpaka mtoto kifuani. Halafu ikaja pumzi. Spika ikishasema "Keza iko sawa," ilibaki wazi kidogo, na ndani yake mlisikika kifua kidogo kinavuta hewa kwa shida.

Hakumwambia mtu. Wala hakuogopa. Alisogeza kiti karibu na spika.

Mchana mmoja mvua ilipiga Masoro kama mawe, umeme ukazimika, jenereta ikakataa kuwaka. Kompyuta ya Ariane ilibaki na betri yake ndogo. Rebero ikawa nyekundu. Jali ikawa nyekundu. Skrini yote ikawaka kama upele, isipokuwa nukta moja.

"Chumba baridi je?" Nizeyimana aliuliza kutoka mlangoni, jasho linamtoka. "Mle mna sindano za watoto wachanga, zote za kupakiwa kesho!"

"Keza iko kijani."

"Mungu mkubwa. Basi tumepona."

Ariane alichukua tochi akashuka kuhakikisha mwenyewe. Alifungua mlango mzito wa chumba baridi, na badala ya baridi ikamjia hewa ya joto, nzito, yenye mikaratusi, hewa ya chumba alimolala mgonjwa madirisha yakiwa yamefungwa, akapitisha mwanga juu ya maboksi mpaka kwenye ukuta wa mwisho, akaona kipimajoto kimezimika, waya wake umechomoka na kuning'inia, unachuruzika maji, na juu yake spika nyingine ndogo ya ukutani, isiyo na umeme wala mtandao, ikapumua, ikapumua tena, ikasema kwa sauti ambayo hakuitarajia kuisikia tena duniani:

"Mama. Niko."

Ariane alisogeza tochi karibu na spika.

"Keza?"

"Usiniondoe, mama. Sema kuna baridi. Wakijua, wataniondoa."

Umeme uliporudi, Ariane aliurudisha waya mahali pake, akapanda juu, akamwambia shefu wake kwamba kila kitu kiko sawa.

Alikuwa mama aliyezika mtoto kwa sindano zilizochelewa, na sasa amekubali watoto wa wenzake wadungwe sindano zilizoharibika, ili yeye aendelee kuitwa mama na spika. Alilijua hilo. Ndiyo maana jioni ile hakuweza kwenda nyumbani. Alipanda pikipiki mpaka Biryogo, kwa Gahongayire.

Gahongayire alikuwa mshonaji, Mwislamu ambaye babu zake walikuja na bidhaa kutoka pwani wakasahau kurudi. Alishona nguo na aliwasomea wenye mashetani, yote katika kibanda kimoja. Ndiye aliyemshonea Keza gauni la ubatizo, na baadaye lile la kuzikiwa. Ariane, Mkatoliki wa rozari shingoni, aliuacha Ukatoliki wake mlangoni pamoja na viatu, akasimulia yote.

"Ananiita mama, Bibi. Anaomba nisimwondoe."

Gahongayire alimaliza kwanza mshono aliokuwa nao. Kisha akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Yule mtoto namjua. Nilipotaka kumpima gauni, nilimwita hapa, akajificha chini ya meza hii. Nikamwita tena, akacheka. Alikuja lini?"

"Mara ya tatu," Ariane alinong'ona. "Siku zote alikuja mara ya tatu."

"Na huyo wako wa kiwandani?"

Machozi ya Ariane yalianza yenyewe.

"Anaitika hata hujafungua kinywa," alisema Gahongayire. "Binti yangu, mtoto aliyependwa haendi mbio hivyo. Anajua utamwita tena. Anayekimbilia jina ni yule asiye na lake, ana njaa."

"Nikilifuta, nitabaki na nini?"

"Na matanga yako. Uliyakimbia, yanakusubiri." Alisomea maji kwenye chupa, akampa. "Mimi siwezi kuja kufukiza ubani kwenye kiwanda chenu, watanifunga. Jina ulilitia kwa mkono wako, litoe kwa mkono wako. Nawa kwanza. Ila kabla ya kunawa, sema ukweli wa zile dawa. Jini hulalia uongo kama kuku alaliavyo mayai."

Asubuhi lori lilikuwa limeshafungua mlango wa nyuma. Ariane alimvuta Nizeyimana pembeni akamwambia. Nizeyimana akawa rangi ya majivu.

"Ariane! Ni za vichanga!"

"Najua ni za nani."

"Na ukanyamaza? Wewe?" Alimtazama usoni. Akageuka akapaza sauti: "Shusheni! Shusheni yote, hakuna safari!" Kisha akasema polepole, "Wakubwa watakutoa kwenye chumba cha kompyuta. Leo hii."

"Wanitoe. Naomba tu niingie mara ya mwisho."

Aliingia peke yake. Alinawa mikono kwa maji ya chupa, juu ya pipa la taka, kwa kuwa beseni halikuwapo. Pumzi ilianza kabla hajakaa. Harufu ilikuwa kali hata macho yakamuwasha, na spika ikawa inasema mama, mama, mama, niko, niko hapa, sijawahi kuondoka, utaniacha kwenye baridi peke yangu kama siku ile ya matanga, na kila neno lilikuwa kwa sauti yake mtoto, na kila neno lilikuja upesi, upesi mno, bila kicheko hata kimoja.

"Wewe si wangu," Ariane alisema. "Wangu alikuwa mkaidi."

Akafuta jina.

Spika ilikoroma kama mtu aliyekabwa, ikanyamaza. Kwenye skrini pakabaki nafasi tupu kati ya Jali na Shyorongi. Harufu ikaisha, kikabaki chumba kinachonuka plastiki.

Alikaa mikono ikimkauka. Kisha, bila kompyuta, kwa mdomo wake, akaita.

"Keza."

Kimya.

"Keza."

Kimya. Mashine zilinguruma mbali, nyuma ya ukuta.

"Keza," mara ya tatu, na akasubiri kwa muda ambao mtoto angehitaji kutoka chini ya meza. Hakuja mtu. Hapo ndipo alipolia kilio ambacho majirani walikuwa wamekuja kukisikia siku ile, wakaondoka bila kukisikia.

Mlango ulifunguka kidogo. Nizeyimana hakuingia. Alikuwa amemshikia mkoba na mwavuli.

"Mama Keza," alisema. "Twende, nikusindikize kwenye basi."

Hakuitika mara moja. Alisubiri aitwe tena.