Nywele za Matanga

Mafuta ya nywele yalinuka udongo mbichi. Wekoye aliyanusa tena, akafunga kikopo, akaendelea kuchana afro yake. Ilikuwa alasiri, mwaka 2004, katika klabu moja ya Kitale ambako bendi yake ilifanya mazoezi ya nyimbo za soul.

Wiki hiyo walikuwa wamemzika kaka yake Mukhisa, mpiga besi, kule Naitiri. Siku ya tatu ukoo wote ulinyolewa, kama ilivyo desturi ya Wabukusu. Wekoye alikataa.

"Senge, mimi ni msanii. Kutoka Bungoma mpaka Kitale watu wananijua na hii nywele."

Shangazi yake Peris hakuinua macho kutoka kwenye wembe. "Ukienda na nywele ya matanga, hauendi peke yako."

Sasa, pale klabuni, Emmy, mke wake na mwimbaji wa bendi, alisogea kwenye maikrofoni. Mbugua akagonga ngoma. Besi ikaingia, nzito, safi.

Emmy akageuka. "Nani anapiga?"

"Si ni spika imeharibika, bana," Mbugua alinong'ona. Lakini gita la besi walikuwa wamelizika pamoja na mwenyewe.

Wekoye alihisi vidole baridi vikiingia katika nywele zake, polepole, kama vya mtu anayetafuta chawa. Kisha vikakaza. Kichwa chake kikavutwa nyuma, kikabamizwa kwenye spika mara moja, mara mbili, meno yakatapakaa jukwaani, na Emmy alipokimbia kumshika huku akiliita jina la Yesu, mikono ya Wekoye, ambayo hakuwa ameituma, ikainua gita lake la solo na kumshushia utosini, tena na tena, kwa mdundo uleule wa besi, hadi Mbugua alipomwangusha Wekoye kwa kiti cha ngoma.

"Emmy," Wekoye alilia. "Emmy wangu, amka."

Emmy alipelekwa hospitalini akiwa bado anapumua. Mbugua akamfunga Wekoye kamba, akamkimbiza Naitiri kwa Peris. Njia nzima besi iligonga masikioni mwa Wekoye. Peris alimnyoa kando ya kaburi, akimwomba Bwana kwa Kibukusu. Chini ya nywele kulikuwa na alama tano nyeusi. Unywele wa mwisho ulipoanguka, besi ikakoma.

"Ameenda," Peris alisema.

Lakini Emmy alifariki kabla ya mapambazuko. Mungu amrehemu.

Siku ya tatu baada ya mazishi yake, polisi wawili walimleta Wekoye kunyolewa, akiwa na pingu. Peris alipapasa kichwa chake. Hakikuwa kimeota hata unywele mmoja.

"Mwanangu, hakuna kitu ya kunyoa."

"Nyoa, Senge. Nyoa hata ngozi."

Peris alipitisha wembe hadi damu ikafika kwenye nyusi. Kisha akauondoa. Wekoye aliinamisha kichwa tena, macho ameyafumba.

"Tafadhali, Senge," alinong'ona. "Ameanza kuimba."