Dawa Iliyofika Kwenye Ubongo

Roboti-tabibu ilimshika kila mtu kifundo cha mkono, ikamdondoshea tone moja ulimini, kisha ikasema, "Anayefuata." Ilikuwa mwaka 2091, katika jiji la Mbozi, na kufikia saa nne asubuhi watu mia tisa walikwisha kupewa dawa ya minyoo.

Aliyeitengeneza dawa hiyo ni mkemia Sekela Mwashiuya. Ile ya zamani ilikuwa unga mweupe usioyeyuka vizuri katika maji. Mtu akimeza kidonge, sehemu kubwa ilipita tumboni ikatoka. Iliyobaki ilivunja vijinyuzi ndani ya seli za mnyoo, mnyoo akashindwa kunyonya sukari, akafa njaa. Sekela aliufungia unga huo ndani ya chembe za mafuta ndogo kuliko seli ya damu. Sasa tone moja lilifika hadi kwenye ubongo.

Hatari ilikuwa huko. Mabuu ya tegu huweza kukaa kwenye ubongo miaka mingi, yakileta kifafa. Yakifa yote kwa mkupuo, ubongo huvimba. Nguruwe sita wa majaribio walikufa hivyo.

Ndipo Sekela akamwona kaka yake, Ambokile, kwenye foleni. Alikuwa na kifafa tangu ujana. Sekela akamkimbilia mkurugenzi wake, Kayange.

"Mkurugenzi, tusimamishe. Wenye kifafa wapigwe picha ya kichwa kwanza."

"Waziri anafika saa sita," Kayange alijibu bila kuinua uso. "Ukisimamisha foleni, maabara yako nampa mtu mwingine."

Swichi ya kuizima roboti ilikuwa ukutani, hatua nne tu kutoka alipokuwa Sekela. Maabara ile aliipigania miaka kumi na mmoja. Hakusogea.

"Mdogo wangu!" Ambokile aliita kwa furaha. "Ndiyo ile dawa yako?"

"Ndiyo, kaka."

Ambokile akafungua mdomo, roboti ikamdondoshea tone.

Siku ya tatu kifafa kilimwangusha mara saba, na jioni akafa. Roboti ikaandika kwenye faili lake: Minyoo hai, sifuri. Mgonjwa amepona.

Sekela alimkuta mama yao ameketi chini, kando ya maiti.

"Mama, ubongo ulivimba. Ni dawa."

"Ulijua inaweza kuua?"

Sekela alishindwa kumtazama. "Nilijua."

Mama aliinuka polepole, akafungua mlango.

"Toka. Watu wa kumzika wapo."