Seng'enge kwa Jina la Felisia

"Laobanniang, mbona mzigo wako umekuwa mzito hivi?" Chen, msimamizi wa ghala, aliuliza kwa Kichina chake cha haraka, akimwita mama bosi kama kawaida yake, mguu mmoja ukiwa juu ya bunda la seng'enge.

Felisia aliinama akasoma. Marki, ile alama inayoandikwa kwenye mzigo, ilikuwa yake: FELI HANANG, kwa rangi nyekundu. Pale Guangzhou marki ndiyo mwenye mali; bila hiyo kontena likifika Dar hakuna anayejua kipi ni cha nani. Naye, wakala wa mizigo kwa miaka sita, hakuwahi kununua hata futi moja ya seng'enge. Mbele yake yalikuwepo mabunda mia tatu.

"Nani kaleta?"

"Mumeo," Chen alijibu akicheka. "Asubuhi. Kasema yaende bandarini Huangpu leo leo."

Joachim hakuwa mumewe bado, ila ndoa ilikuwa Desemba. Felisia alijaribu kucheka na Chen, kicheko kikakataa. Kabla hajampigia Joachim, simu yake ikaita. Ilikuwa saa nane mchana, nyumbani saa tatu asubuhi, na mama yake hakuwa mtu wa kupiga simu wakati wa kutoa ng'ombe.

"Mwanangu, uko peke yako?"

"Niko peke yangu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kuna mtu ameomba ardhi yetu kijijini. Yote, kuanzia kisimani mpaka njia ya kwenda kunywesha ng'ombe ziwani. Wapimaji wamekuja jana na vigingi." Mama alishusha sauti. "Nimeona fomu. Jina ni lako."

Felisia aliketi juu ya boksi la viatu vya mtu.

Mama alieleza kwamba wanawake walikuwa wameshaitana. Kwa Wabarabaig, wanawake wakikaa kikao cha fimbo hakuna mwanaume anayesogea, na wakilaani, wamelaani. Jua likifika utosini wangemlaani aliyeomba ile ardhi, awe nani. Hawakujua jina; mwenye kujua alikuwa mama peke yake, naye alikuwa ameketi katikati yao na fimbo mkononi.

"Ulisaini, Felisia?"

"Sikusaini."

"Basi ni nani?"

Alitaka kusema hajui. Lakini mwezi wa sita Joachim alikwenda Hanang kujitambulisha, mama akamchinjia mbuzi, na jamaa aliyemsindikiza akashinda anazunguka malishoni na kifaa chake, eti anapenda kupiga picha. Kisha Joachim akamwomba Felisia kitambulisho na cheti cha kuzaliwa, vya kuandikisha ndoa kanisani. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema umpe na cheti cha kuzaliwa.

"Nipe muda mpaka huko saa sita, mama," alisema.

Alimkimbilia Ndinda, Mkamba wa Machakos mwenye kibanda cha nguo jirani, aliyefundisha historia sekondari kabla hajaona kuwa suruali zinalipa kuliko chaki. Alimweleza yote. Alimweleza hata jambo aliloliona zuri siku zote: Joachim alivyopenda video za masetla wa Marekani, mikokoteni yenye maturubai ikivutwa na maksai kuelekea magharibi, mtu na mkewe wakipiga vigingi na kuanza maisha. Mara ngapi alimkumbatia akimwambia, "Mimi na wewe ndio wale, Feli. Magharibi yetu ni huko kwenu."

Ndinda aliacha kukunja nguo.

"Na alikwambia kwamba kulikuwa na wenyewe?"

"Alisema ardhi ilikuwa imelala bure."

"Hiyo ndiyo husemwa kila mahali, hata kwetu masetla walisema. Wenyewe walifukuzwa, wengine wakatembezwa kwa miguu kwenye baridi, wakifa njiani. Lakini skiza hii. Kuna mataifa ya hao wenyeji yalikuwa na sheria, mgeni hapati ardhi. Isipokuwa ameoa msichana wa hapo. Akioa, anahesabiwa mtu wa nyumbani. Wee, wachumba walijaa!"

"Wote walikuwa waongo?"

"Si wote. Wengine walipenda kweli. Shida ni kwamba msichana angejuaje?"

Hapo ndipo hofu ya Felisia ilipobadilika. Laana aliiogopa, na kisima cha mama alikiogopea. Lakini sasa aliogopa miaka miwili yote: zile supu alizopikiwa akiugua, zile safari za kupokelewa uwanja wa ndege wa Baiyun. Mapenzi, jamani, yakiingia shaka hata kikombe cha chai unakinusa kwanza.

Alimwandikia Joachim: "Njoo ghalani. Nimeona seng'enge."

Jibu lilikuja upesi: "Usiguse mzigo mpenzi. Nakuja nikueleze."

Alifika saa kumi na nusu, jasho likimtoka, na hakujificha. Alisema alitaka kumshtukiza kwa furaha, shamba lao wenyewe limeshazungushiwa seng'enge. Jina la Felisia ndilo lingepita kijijini bila maneno, kwa kuwa ni mtoto wa nyumbani, na mzigo wenye marki yake hakuna kijana wa kule angeuzuia.

"Uliandika jina langu bila kuniuliza," Felisia alisema.

"Niliandika jina letu. Desemba si unakuwa mke wangu?"

"Kisima cha mama kiko humo ndani, Joachim."

"Nitamwachia geti."

"Ufunguo wa geti atakaa nao nani?"

Joachim alianza kuhesabu mabunda kwa macho. Hata hivyo Felisia bado alitamani amwamini.

"Piga simu sasa hivi," alimwambia. "Waondoe fomu. Halafu Desemba njoo unioe mikono mitupu. Utanikuta kanisani."

Joachim alitoa simu. Aliishika, akaiangalia.

"Sasa Feli, bila lile shamba," alisema taratibu, "tunaoana ili iweje?"

Alilisikia mwenyewe neno lake. Akaanza kulikusanya haraka, akisema alimaanisha wangeishi kwa nini, watoto wangesoma wapi. Felisia hakumsikiliza. Alimwambia Chen afute marki yake kwenye kila bunda na ayatoe nje, kisha akatoka na simu sikioni. Nyumbani zilibaki dakika kumi jua lifike utosini.

"Mama, waambie jina ni langu. Waambie kwamba sikusaini, na leo mimi mwenyewe nimelikana ombi hilo. Kesho naandikia kijiji."

"Nitawaambia. Na huyo mwanaume? Wanawake watataka kumjua."

Felisia alifunga macho.

"Wasimlaani, mama. Naomba."

Nyuma ya mama zilisikika sauti za wanawake wakiimba pole pole.

"Bado unaogopa, mwanangu? Mbona yamekwisha."

"Naogopa, mama."

"Unaogopa nini tena?"

Simu ilikuwa inatetemeka sikioni mwake, mtu mwingine akipiga. Hakuhitaji kuangalia ni nani.

"Naogopa nitampokelea simu."