Mchumba wa Kumdanganyia Balozi

— Huyu ni nani wako, Anastazia?

Mama Theodora, balozi wa nyumba kumi pale Ihanja barabarani, aliuliza huku akipepeta mtama, lakini macho hayakuwa kwenye ungo. Yalikuwa kwa yule kijana mrefu mwenye begi mgongoni.

— Ni ndugu yangu, mama balozi.

— Wa upande upi? Baba yako Alute namjua tangu hajaota ndevu. Marehemu mama yako nilimfunga kanga mimi siku anaolewa. Huyu nimemsalimia Kinyaturu, kanijibu "poa". Nauliza tena, ni nani wako?

Kijana yule aliitwa Gerald, fundi aliyekuja kupima njia ya nguzo za umeme. Alikuwa mpangaji wa siku chache tu, na hapo ndipo ilipokuwa kesi.

Tangu mgeni mmoja wa kulala aondoke alfajiri na pikipiki ya mwenyeji wake, mkutano wa kijiji ulipitisha neno moja. Nyumba ya mtu isilaze mgeni wa kulipa mpaka ipewe kibali. Anayelala awe ndugu au mchumba, naye aletwe kwa balozi aonekane sura. Mgeni yeyote anayeingia na shughuli yake aanzie kwa balozi vilevile. Ukikaidi, nyumba inafungwa. Anastazia kibali alishakiomba, kila akienda anaambiwa subiri, subiri.

Na nyumba ile haikuwa nyumba tu. Matofali yake alifyatua na Mughwai, kijana wa Sepuka, kabla Mughwai hajaenda machimboni Geita. Mapenzi yao yalikuwa ya chini kwa chini, wazee hawajaambiwa, lakini wenyewe walishapanga: vyumba vya mbele wageni, cha nyuma chao. Nyumba ikifungwa, maisha yao yangeanzia uani kwa baba mkwe, na Mzee Stefano, baba yake Mughwai, alikuwa mtu wa kuamua mpaka chumvi ya mboga za watu.

— Binti, mtama wangu unapigwa na upepo. Nijibu.

— Ni mchumba wangu.

Wewe! Neno lilimtoka kabla hajalitafuna. Mama Theodora alitupa ungo pembeni, akapiga kigelegele mpaka kuku wakakimbia. Majirani wakatoka. Uji wa uwele ukaletwa kwenye kata ya kibuyu, Gerald akashikishwa, akaambiwa anywe wote wakiona. Pale kwao mchumba akishakunywa uji kwa balozi, kijiji kizima kimeshuhudia, hajifichi tena. Gerald wa watu alikuwa na njaa. Akaugugumia wote, akalamba na midomo.

Njiani kurudi alikuwa anacheka.

— Dada, umeniozesha bila hata mahari?

— Nyamaza kaka. Wewe ni mchumba wangu mpaka Jumapili. Ukiondoka nitasema tumeachana.

— Na mwenyewe akisikia?

— Yuko Geita huko. Atasikilia wapi?

Jamani, tangu lini maneno yakahitaji nauli?

Jioni ileile simu iliita. Mughwai.

— Stazia wangu, umekaa au umesimama?

— Nimesimama, napika.

— Kaa basi. Nimemwambia baba. Kila kitu.

— Mughwai! Kasemaje?

— Kanuna kwanza, si unamjua. Halafu akauliza, "Huyo binti anajua kulima?" Nikamwambia anajua kulima na kujenga. Akacheka! Baba yangu kacheka, Stazia. Jumamosi washenga wanakuja kwenu. Usiende mnadani, sawa?

Anastazia alikaa chini kwelikweli, palepale kwenye vumbi, akalia kwa furaha.

— Mbona unalia? Hutaki?

— Nataka. Nataka mpaka naogopa.

— Unaogopa nini?

Hapo ndipo angesema. Ulimi ulikuwa tayari: leo nimemdanganya balozi, nimesema hivi na hivi. Lakini aibu ikamkaba. Mtu anakuletea posa, wewe unamwambia kuna mwanaume mwingine kanywa uji wako?

— Naogopa furaha tu, akajibu.

Ijumaa alivaa kanga aende kwa mama balozi akaungame, akaishia mlangoni. Akisema, Gerald anatolewa na nyumba inafungwa, washenga waje wakute kufuli. Afadhali wapite kwanza. Nitasema kesho, akajiambia. Kesho hiyohiyo ndiyo iliyommaliza.

Jumamosi alichinja jogoo, akasonga ugali, akafagia uwanja mara mbili. Baba yake, Mzee Alute, alikuwa kavaa koti la kanisani akisubiri wageni ambao binti yake aligoma kuwataja, akidhani ni wazee wa Gerald. Ugali ukapoa. Jua likapinda. Anastazia akapiga simu kwa Mughwai, haikupokelewa. Akapiga tena na tena. Mwishowe ukaingia ujumbe:

"Hongera na mchumba wako. Wazee wangu walianzia kwa balozi kama sheria yenu inavyotaka. Wakaambiwa binti ana mtu na uji kanywa mbele ya mashahidi. Kumbe ndicho ulichokuwa unaogopa. Usinipigie tena."

Alikimbia peku mpaka kwa mama Theodora.

— Mama balozi, wako wapi?

— Nani?

— Wazee wa Sepuka!

— Wameshaenda zao. Nimewarudisha kwa heshima. Nikawaambia mmechelewa, baba zangu, mwenzenu kawahi. Mbona umekuja peku?

— Yule si mchumba wangu! Ni mpangaji! Nilikudanganya nisifungiwe nyumba. Mchumba wangu ndiye aliyewatuma hao wazee!

Mama Theodora alikaa chini taratibu akishika kichwa kwa mikono miwili.

— Mungu wangu. Nimewarudisha wazee wa watu kwa mdomo wangu. Anastazia, kwa nini hukuniambia? Ungenijia hata jana!

— Nilikuja, mama. Niliishia mlangoni kwangu.

— Mlangoni kwako si kwangu, mwanangu.

Gerald alipopata habari kicheko kilimwisha. Akampigia Mughwai kwa simu yake mwenyewe.

— Kaka, samahani, mimi naitwa Gerald, nimepanga kwa dada Anastazia, na hatuna...

— Wewe ndiye uliyekunywa uji?

— Ni mimi, lakini...

Simu ikakatwa. Gerald akabeba begi lake akaondoka kwa aibu, siku ya Jumapili haijafika.

Basi Anastazia akaona hana la kuficha. Mkutano wa kijiji ulipokaa, alinyoosha mkono, akasimama.

— Wazazi wangu, shikamooni. Yule kijana hakuwa mchumba. Nimelaza mgeni wa kulipa bila kibali, nikamdanganya balozi, nikawanywesha uongo. Mchumba wangu ni Mughwai wa Sepuka. Nyumba ifungeni. Naomba tu habari hii ifike kwao kama ile ya kwanza ilivyofika.

Wapo waliocheka, wapo waliosonya. Mzee mmoja akanong'ona mdomo uliponza kichwa. Mzee Alute alitazama chini mkutano mzima. Nyumba ikatiwa kufuli siku hiyohiyo, Anastazia akarudi kulala kwa baba yake. Wala hakujali. Alichotaka ni mtu mmoja asikie.

Na akasikia. Wiki iliyofuata, mchana, pikipiki ilisimama uwanjani. Mughwai kakonda, vumbi la safari limemjaa kwenye nyusi.

— Nimesikia ulivyosema mkutanoni.

— Nilisema mbele ya watu wote.

— Ungeniambia mimi siku ileile nilipopiga simu, Stazia. Ningecheka. Wallahi ningecheka mpaka nilie.

— Niliona aibu.

— Aibu kwangu mimi? Tuliyekanyaga naye tope la matofali?

Anastazia akamshika mkono. Mkono haukukataa, lakini haukumshika na wenyewe.

— Kuna nini, Mughwai? Niambie yote.

— Baba alinipigia siku ile wakiwa njiani kurudi. Akasema posa ikitoka kwetu hairudi nyumbani na mbuzi wake, ni mkosi. Akataja Rebeka, binti wa rafiki yake Mzee Yeremia. Nikamwambia, "Mpelekeeni yeyote mnayemtaka." Nilisema kwa hasira. Wakapeleka, ikapokelewa.

— Sasa ukweli umeujua. Kavunje.

— Jana nilikwenda kuvunja.

— Enhe?

— Nikamkuta kakaa na mama yake. Kuna kijana alikuwa anamtaka, walimkatalia kwa ajili yangu, na yule kijana kashachumbia kwingine. Rebeka akaniangalia usoni. Akaniuliza, "Nimesikia si mimi uliyenitaka. Ni kweli?"

— Ukamjibuje?

Mughwai alifuta macho kwa kiganja, vumbi likawa tope shavuni.

— Nilishindwa. Nikamwambia si kweli.

— Umemdanganya!

— Nimemdanganya. Akashukuru, Stazia. Alipiga magoti akashukuru. Nitarudi vipi pale nikaseme vingine?

Anastazia alitaka kupiga kelele. Alitaka kumwambia rudi, mwambie, atapona, mimi ndiye niliyefyatua tofali na wewe. Lakini alimwona yule binti asiyemjua amepiga magoti, na kosa lake ni nini? Hakumdanganya balozi wa mtu. Hakukaa na neno moyoni mpaka likaoza.

— Unanipenda? akauliza.

— Nakupenda. Ndiyo maana nimekuja kukwambia mwenyewe.

— Basi nenda, Mughwai. Nenda sasa hivi kabla sijakushika.

— Stazia...

— Na usije ukamwambia. Hata mkigombana, hata mkizeeka, usimwambie. Ukiamua kumdanganya mtu kwa huruma, mpende mpaka iwe kweli.

Alipanda pikipiki. Aliiwasha ikagoma, akaiwasha tena, na Anastazia alikuwa anaomba igome moja kwa moja. Ikawaka.

Harusi ya Mughwai na Rebeka ilifungwa baada ya mavuno. Msafara ulipita barabara kuu ya Ihanja, matarumbeta mbele, pikipiki zimefungwa vitambaa vyeupe, watoto wanakimbia pembeni. Anastazia alikuwa jikoni akichagua mchele. Vidole vilisimama, sikio likafuata tarumbeta mpaka lilipoanza kufifia.

Mzee Alute, ambaye tangu siku ya mkutano alikuwa anaongea na binti yake kwa kuguna tu, aliingia na kuvuta kigoda. Akachukua lile sinia la mchele, akaliweka magotini kwake, akaanza kuchagua mawe kwa vidole vyake vikubwa visivyozoea.

— Baba, acha, nitamaliza.

— Wewe lia, mwanangu. Huu nitachagua mimi.

Anastazia akalia kama ambavyo hakuwahi kumlilia hata mama yake. Mzee alichagua mchele wote, akauosha, akauinjika mwenyewe.